Kwa nini Nottingham Forest wanaimbiwa "scab" kila wakikutana na timu za jirani?

#1 Kitasa_wa_Changombe
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanisumbua tangu Forest warudi Ligi Kuu ya England mwaka 2022. Wakicheza na Sheffield United, jukwaa zima la wapinzani linaimba neno moja tu, "scab, scab". Nikarudi kwenye video za zamani walipokuwa daraja la chini, wakikutana na Derby, Barnsley na Sheffield Wednesday, wimbo ni uleule. Nimefungua kamusi naambiwa ni kigaga, lile gamba la kidonda kinachoanza kupona. Mpira na kigaga wapi na wapi? Jamaa wa kibanda umiza cha mtaani kwetu kakomaa kwamba Forest walinunua mechi zamani. Mimi nimekataa, ila sina la kumjibu. Wajuzi karibuni.

#2 Utopolo_Halisi
Nimekaa pale. Wakija wenye majibu mniamshe.

#3 Bahasha_ya_Kaki
Hiyo ni siasa ya makaa ya mawe. Mwaka 1974 wachimbaji waligoma Uingereza nzima, wa Nottingham wakaenda kazini. Aliyeingia kazini wenzake wakiwa getini ndiye kigaga. Uzi ufungwe.

#4 Mhamiaji_Leicester
Uzi usifungwe, mkuu wa #3 umekosea mwaka. Mgomo wa 1974 ndio uliomwondoa Edward Heath madarakani, na ule waligoma wote pamoja na Nottingham. Unaoimbwa viwanjani ni wa Machi 1984 hadi Machi 1985, enzi za Thatcher.

Kwa kifupi, bodi ya taifa ya makaa ya mawe chini ya Ian MacGregor ilitangaza kufunga migodi 20, ajira kama 20,000 ziondoke. Yorkshire, mkoa wa Barnsley na Sheffield, wakaweka chini vifaa. Arthur Scargill, rais wa chama cha wachimbaji, akausambaza mgomo nchi nzima mkoa kwa mkoa bila kuitisha kura ya kitaifa. Nottinghamshire wakapiga kura yao wenyewe, karibu robo tatu wakasema hapana, wengi wao wakaendelea kushuka shimoni mwaka mzima. Makaa yao ndiyo yaliyosaidia umeme usikatike. Mgomo ukavunjika, wenzao wakarudi kazini mikono mitupu.

Halafu huyo jamaa wa kibanda umiza mwambie amegeuza habari. Mechi ilinunuliwa ili Forest wafungwe. Nusu fainali ya Kombe la UEFA mwaka 1984 waliwafunga Anderlecht 2-0 nyumbani, wakaenda Ubelgiji wakapigwa 3-0. Mwaka 1997 ikafichuka kwamba mwamuzi wa mechi ya marudiano alipewa fedha na rais wa Anderlecht.

#5 Kitasa_wa_Changombe
Shukrani mkuu. Kwa hiyo mwaka huohuo mmoja Forest walidhulumiwa Ulaya na majirani zao wakadai wamedhulumiwa na Nottingham. Sasa Derby wao waligoma?

#6 Jogoo_la_Kisumu
Derby ni mji wa migodi, lazima waligoma. Ndio maana wanawachukia Forest hivyo.

#7 Mhamiaji_Leicester
@Jogoo_la_Kisumu hapo ndipo utamu ulipo. Derby si mji wa migodi, ni mji wa reli na injini za ndege za Rolls-Royce. Na mkoa wao uligawanyika. Kaskazini ya Derbyshire, upande wa Chesterfield, kura zilikaribiana mno lakini viongozi wakaitisha mgomo na wengi wakautii. Kusini ya Derbyshire wengi walifanya kazi kama Nottingham. Tena chama kilichojitenga mwaka 1985, UDM, kiliundwa na Nottinghamshire pamoja na hao hao South Derbyshire.

Kwa hiyo shabiki wa Derby anayeimba "scab" huenda babu yake alishuka shimoni asubuhi ileile na babu wa Forest. Wenye haki ya kuimba, kama haki hiyo ipo, ni Chesterfield, Barnsley, na Sheffield.

#8 Utopolo_Halisi
Nimeamka. Kumbe ni kama Yanga wawacheke Simba kwa kufungwa goli ambalo na wao walifungwa. Hii naielewa.

#9 Mnyama_Original
Utopolo kulala kwenu ni kawaida, hasa dakika za lala salama.

#10 Ras_Mkulima
Naomba nitie neno la tofauti. Tunawalaumu Nottingham kama vile waliamka tu wakaamua usaliti. Migodi yao ilikuwa na matabaka manene ya makaa, ilikuwa inalipa, na haikuwa kwenye hatari ya haraka ya kufungwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 kulikuwa na bonasi iliyolipwa kwa uzalishaji wa kila mkoa. Nottingham wakawa wanakunja noti kuliko wenzao. Mtu ana mkopo wa nyumba, watoto shule, hajapewa nafasi ya kupiga kura ya taifa, aambiwe tu na mtu wa Barnsley "simama". Wewe ungesimama?

#11 Bahasha_ya_Kaki
Nimekubali kosa langu la mwaka. Ila Ras, hoja ya kura ina jino la pili. Mwaka 1977 hiyo hiyo bonasi ilipigiwa kura ya taifa na wachimbaji wakaikataa. Nottinghamshire na mikoa mingine wakaipitisha kivyao, mahakama ikawaruhusu. Ukitupa kura ya taifa ikikunyima bonasi, usije ukaililia ikikuokoa na mgomo.

#12 Ras_Mkulima
Hiyo sikuijua. Nimenyoosha mikono nusu.

#13 Mwanahistoria_wa_Baraza
Salaam. Mnaanza hadithi katikati. Rudini mwaka 1926. Mgomo mkuu ulipokwisha, wachimbaji walibaki peke yao miezi mingi wakila njaa, na ni Nottinghamshire tena iliyopasuka kwanza. George Spencer, mbunge na kiongozi wa wachimbaji hapo hapo, akafanya mapatano na wenye migodi na kuanzisha chama chake. Kilidumu hadi 1937 kiliporudishwa kundini. Kwa hiyo 1984 Yorkshire walipoona Nottingham hawasimami, wazee wao walisema "ni wale wale". Kwangu mimi hili ndilo jibu, mengine ni mapambo.

#14 Mhamiaji_Leicester
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo nakupinga kidogo. Wengi waliochimba Nottingham mwaka 1984 hawakuwa hata na babu Nottingham mwaka 1926. Walihamia miaka ya 1960 kutoka Durham na Scotland migodi yao ilipofungwa. Na kuna hoja kwamba ndio maana hawakusimama: wao walifungiwa kwao, wakapakia mizigo wakasafiri, hakuna mkoa uliogoma kwa ajili yao. Mtu kama huyo humwambii habari za mshikamano akakusikiliza kirahisi.

#15 Mwanahistoria_wa_Baraza
Marahaba. Wahamiaji hurithi tabia za mji. Wewe mwenyewe uko Leicester, bado unakula ugali kila siku?

#16 Mhamiaji_Leicester
Kila siku, mzee. Hapo umenipa ushahidi wa upande wangu. 😂

Na kwa kuwa umeitaja Leicester, mkoa huu wachimbaji kama 2,000 walifanya kazi, waliogoma walikuwa takriban 30 tu. Walipewa jina la kejeli, "thelathini wachafu", wakalichukua wakalivaa kama medali.

#17 Mzee_wa_Shimoni
Nimesoma tangu juu. Ninyi mnazungumza kura na bonasi. Mimi nimefanya kazi chini ya ardhi miaka sita, makaa ya mawe, huku kusini kwetu. Niwaambie kitu ambacho aliye juu hakijui.

Shimoni hakuna kazi ya mtu mmoja. Unapopiga nguzo ya kushikilia dari, mwenzako ndiye anaishika. Hewa ikibadilika, yeye ndiye anakwambia toka. Unamkabidhi roho yako kila zamu bila kumwambia asante. Sasa huyo huyo siku ya mgomo apite getini na basi la polisi, dirisha lina wavu, wewe umesimama kwenye baridi na mtoto nyumbani hana viatu. Hujaona mtu amekosea hesabu za kisiasa. Umeona mtu aliyeshika nguzo ameiachia.

Ndio maana wanaimba hadi leo. Bodaboda akivunja mgomo wa bodaboda, mwezi mmoja yamekwisha.

#18 Kitasa_wa_Changombe
Mzee heshima yako. Hii post nimeisoma mara mbili.

#19 Jogoo_la_Kisumu
Si bodaboda tu, walimu pia hawasahau. Mgomo wa walimu Kenya mwaka 1997, babangu alikuwa nje na wenzake. Mwalimu mmoja wa shule yao akaingia darasani, akafundisha Standard Eight peke yake kwa sababu mtihani ulikuwa karibu. Wakamwita "Chaki Moja". Alistaafu na hilo jina, na hata mazishini kuna mtu alilitaja kwenye hotuba kwa bahati mbaya. Ajabu ni kwamba mimi ndiye nilikuwa hiyo Standard Eight. Nilipita mtihani kwa sababu ya Chaki Moja. Baba hajawahi kutaka kuzungumzia hilo.

#20 Ras_Mkulima
Jogoo, hiyo peke yake ni uzi.

#21 Kapuku_FC
Mnachanganya mambo. Uadui wa Forest na Derby hauna uhusiano na makaa. Ni Brian Clough. Aliwapa Derby ubingwa 1972, akagombana na wakubwa wa klabu, akaondoka 1973. Januari 1975 akatua Forest, akawapa ubingwa 1978 na Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980. Hebu fikiria kocha wenu mpendwa ahamie kwa watani wa jadi, kilomita 25 tu barabarani, halafu achukue Ulaya. Ungeimba nini? Ungeimba chochote kinachouma. "Scab" ilikuwa tayari mezani, wakaichukua.

Na barabara yenyewe ya kuunganisha miji hiyo, A52, imepewa jina lake. Miji yote miwili inadai ni wao.

#22 Mwanahistoria_wa_Baraza
Hapo Kapuku umesema la maana kwa mara ya kwanza tangu ujiunge. Na ongeza kejeli hii: Clough alikuwa mjamaa wa kujitangaza, tena mwenye mdomo. Timu ya kocha mjamaa ndiyo inayoimbiwa wasaliti wa wafanyakazi.

#23 Kapuku_FC
Nashukuru kwa matusi yenye heshima.

#24 Mnyama_Original
Swali dogo. Sunderland nao si mji wa makaa? Nauliza kwa sababu Simba zamani tuliitwa Sunderland. Queens, Eagles, Sunderland, hadi 1971 ndipo tukawa Simba.

#25 Utopolo_Halisi
Hata jina mlikopa. Makolo bwana.

#26 Mhamiaji_Leicester
@Mnyama_Original ndiyo, na makaa yako mpaka chini ya nyasi. Uwanja wao wa sasa, Stadium of Light, umejengwa palipokuwa na mgodi wa Monkwearmouth, uliofungwa 1993. Uwanja ulifunguliwa 1997. Nje kuna sanamu ya taa ya mchimbaji, na hiyo "light" ya kwenye jina inahusishwa na taa hizo, ingawa wapinzani wao wanasema wameiga jina la uwanja wa Benfica.

Ila wao na Newcastle hawaimbiani kigaga. Kule Kaskazini Mashariki mgomo ulishikwa sana pande zote. Ugomvi wao ni wa zamani zaidi: wafalme waliwapa Newcastle upendeleo kwenye biashara ya makaa, Sunderland wakabaki na kinyongo, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1642 ilipokuja Newcastle wakawa upande wa mfalme na Sunderland upande wa bunge.

#27 Mnyama_Original
Kwa hiyo tulichukua jina la watu wa bunge, utopolo mmebaki na mfalme. Na jina halikuja hivi hivi: klabu yetu ilizaliwa 1936, mwaka uleule Sunderland walibeba ubingwa wa England. Hilo la kuunganisha ni dhana yangu, msiniulize karatasi.

#28 Bahasha_ya_Kaki
Dhana yako ina tundu. Umesema mwenyewe mlianza na Queens, kisha Eagles. Kama mlivutiwa na ubingwa wa 1936 mbona hamkuanza na Sunderland?

#29 Mnyama_Original
Habari zilikuwa zinakuja kwa meli, mkuu. 😂

#30 Mwana_Lushi
Jambo yenu bandugu. Naandika na Kiswahili ya shule, musinicheke. Kwetu Lubumbashi dabi ya Mazembe na Lupopo iko ndani ya shaba na reli. Timu zote mbili za 1939. Lupopo wanaitwa Cheminots, watu wa reli. Mazembe walianzishwa na mapadri Wabenedikto, baadaye wakachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi.

Munaongea mugomo na mpira kama vitu mbili. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba, waligoma, waliomba mushahara. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari wakapiga risasi pale pale, makumi ya watu wakafa. Bazee wetu wakienda uwanjani, wengine hawakupiga kelele. Sisi hatuna wimbo ya musaliti. Tuna kimya.

#31 Mzee_wa_Shimoni
Pole ndugu yangu.

#32 Jogoo_la_Kisumu
Hii sikufundishwa shule yoyote. Asante Mwana_Lushi.

#33 Kitasa_wa_Changombe
Wakuu tumefika mbali lakini nasoma yote. Turudi kidogo. Nottingham baada ya kufanya kazi mwaka mzima, serikali iliwalinda? Maana hiyo ndiyo ilikuwa faida yao.

#34 Bahasha_ya_Kaki
Oktoba 1992 Michael Heseltine alitangaza kufunga migodi 31 kati ya 50 iliyobaki, ajira kama 30,000, na ya Nottinghamshire imo. Wale wa UDM waliobaki waaminifu walijikuta foleni moja na waliogoma. Mgodi wa mwisho wa mkoa, Thoresby, ulifungwa Julai 2015. Wa mwisho kabisa wa kina kirefu Uingereza, Kellingley wa Yorkshire, Desemba 2015. Walipishana miezi mitano.

#35 Ras_Mkulima
Basi Scargill alikuwa sahihi kwamba watafunga yote, na Nottingham walikuwa sahihi kwamba hakuwapa kura. Mimi sijui nimlaumu nani.

#36 Kapuku_FC
Mlaumu Derby. Daima mlaumu Derby.

#37 Dada_wa_Zamu
Mimi huwa nasoma tu, leo nimelazimika kujisajili upya nimesahau nywila. Niko Mansfield, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mansfield ndiyo hasa makao ya huo ugomvi, kuliko hata Nottingham mjini. Hapa dabi ni na Chesterfield, na ikichezwa polisi ni wengi kuliko mashabiki. Bahati yao (au bahati mbaya) mwaka 2024 Chesterfield wamepanda kurudi kwenye ligi, Mansfield wakapanda kuondoka daraja hilo hilo. Wamepishana mlangoni.

Kwenye nyumba yetu kuna wazee wawili walichimba mgodi mmoja. Mmoja aligoma mwaka mzima, katika wale wachache wa hapa. Wa pili alifanya kazi. Wiki yangu ya kwanza sikujua, nikawawekea chai meza moja kwa sababu wote wanapenda sukari tatu. Aliyegoma akainuka na kikombe chake, miguu yenyewe haimbebi, akatembea hadi dirishani. Hakusema neno. Msimamizi akaniita pembeni akaniambia, "wale usiwaweke pamoja, ni tangu 1984."

Na sasa sikilizeni. Aliyegoma ni Forest damu. Aliniambia amewahi kwenda Sheffield kuangalia mechi, uwanja mzima ukamwimbia kigaga. Yeye, aliyeuza gari ili asivunje mgomo. Nikamuuliza alijibu nini. Akasema alikula mkate wake akatazama mpira.

#38 Mzee_wa_Shimoni
Binti, ungeandika hii mapema sisi wote tungenyamaza.

#39 Bahasha_ya_Kaki
Naomba moderator aipandishe #37 juu ya uzi.

#40 Mwanahistoria_wa_Baraza
Hata hivyo sibadili msimamo wangu wa 1926.

#41 Mhamiaji_Leicester
Tulijua, mzee.

#42 Utopolo_Halisi
Mimi la Nottingham ninalolijua ni baiskeli. Raleigh zilitengenezwa pale. Babu alikuwa nayo, nyeusi, taa ya dainamo, kengele inasikika vijiji viwili. Alivuna kahawa misimu miwili kuinunua.

#43 Ras_Mkulima
Ya babu yangu bado ipo, fremu ileile. Tairi tu ndio zimebadilika. Kiwanda chenyewe nasikia hakipo tena.

#44 Mhamiaji_Leicester
Uzalishaji Nottingham uliisha 2002. Sehemu ya eneo la kiwanda siku hizi ni majengo ya chuo kikuu.

#45 Jogoo_la_Kisumu
Divock Origi alicheza Forest msimu wa 2023/24 kwa mkopo. Mtoto wa Mike Okoth. Sheffield United walikuwa Ligi Kuu msimu huohuo. Kwa hiyo kuna uwezekano Mluo aliimbiwa kigaga kwa kosa la mgomo wa makaa ya mawe wa 1984. Maisha haya.

#46 Kitasa_wa_Changombe
😂😂 Nimemwonyesha jamaa wa kibanda umiza uzi mzima. Amesema bado anaamini walinunua mechi.

#47 Dada_wa_Zamu
Leo Forest wako kwenye televisheni ya sebuleni. Wote wawili wameshuka kuangalia. Viti vitano katikati yao.

#48 Mnyama_Original
Chai umepeleka?

#49 Dada_wa_Zamu
Sukari tatu kila kikombe. Meza mbili.